Baba Yangu na Sherehe ya Wadudu

Majuzi nililala gesti moja mjini Migori kwa shughuli za kazi, na mlango wa chumba ulipofunguliwa nikapokewa na harufu ya dawa ya mende. Kijana aliyenibebea begi alikimbilia dirisha. "Pole sana madam, tulipuliza asubuhi. Nikubadilishie room?" Nikamwambia hapana, na dirisha aliache lilivyo. Akaniangalia kama mtu aliyeomba kulala kwenye banda la kuku. Singeweza kumweleza pale mlangoni kwamba watu wengine wakimkumbuka baba yao hunusa tumbaku, au sabuni ya kunyolea, au samaki, na mimi wangu namnusa hivyo: mafuta ya taa kidogo, kitu kama kitunguu kilichooza, na juu yake utamu fulani unaokwaruza koo. Tangu tumzike nilikuwa sijakutana na harufu ile. Nilikaa kitandani nikavuta pumzi hadi machozi yakanitoka, na sijui kama ilikuwa dawa au ilikuwa yeye.

Tulikuwa tunaishi Homa Bay, mahali ambapo visubi wa ziwani wakija hufunika anga kama moshi wa shamba linaloungua, na ukipiga miayo umeshiba. Katika mji kama huo, mtu anayeua wadudu hakosi heshima. Baba alikuwa na bomba la mgongoni, koti la kazi lililowahi kuwa la bluu, gambuti, na kitambaa cha kufunga pua ambacho Mama alikataa katakata kukifua pamoja na nguo za watoto. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na kibao alichokiandika kwa mkono wake: MWISHO WA MENDE, na chini yake, kwa herufi zilizokuwa zikipungua kadiri ubao ulivyomwishia, "kunguni, mchwa, siafu, hata nyuki." Aliitwa kwenye mabweni ya shule za Rongo, kwenye gesti za Isebania ambako madereva wa malori walikuwa wanajikuna hadi ng'ambo ya mpaka, hata kisiwani Remba aliwahi kwenda, akarudi akisema kule kunguni wamejenga.

Jioni, tukiwa tunakula, alitusimulia vita. Hakuna jenerali aliyewahi kusimulia vita vizuri kuliko Baba na kipande cha ugali mkononi. "Nimeingia jikoni, wamekaa mkutano. Baba yao, mama yao, mashangazi, wote wako. Nikawaambia, jameni, salimianeni kwa mara ya mwisho." Kisha alipuliza hewa kwa mdomo, tssss, na dada yangu Awuor na mimi tulianguka kwa kicheko. "Nimemaliza ukoo mzima. Hakuna wa kuzika mwenzake." Mama alikuwa akimwambia aache kuzungumzia mende mbele ya chakula, lakini hata yeye alikuwa akigeuka kuficha uso.

Vita kuu kuliko vyote vilikuwa vya nyuki wa kanisani. Walikuwa wamejenga kwenye dari, juu kabisa ya kwaya, na Jumapili moja walishuka katikati ya wimbo. Kwaya ilitokea madirishani, mpiga ngoma akiwa amevaa ngoma kichwani. Kesho yake Baba aliitwa. Alipuliza hadi bomba likaisha, akaenda kulijaza tena, na baadaye nyuki walifagiliwa wakajaa gunia. Mimi nililiona lile gunia. Baba aliombewa mbele ya waumini wote, akapewa jogoo, na kwa muda mrefu nilikuwa mtoto wa mtu mkubwa.

Basi ndipo ikaja ile pikapu yenye vipaza sauti.

"Tamasha! Tamasha ya wadudu! Bure kabisa, kiingilio ni miguu yako! Njooni tusherehekee wadudu, marafiki zetu! Wanasayansi wako hapa, wanachunguza vifo vya nyuki! Nani anamaliza nyuki wetu? Jumamosi mtajua!"

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mboga. Neno "kuchunguza" nililijua vizuri kutoka kwenye redio, na katika redio yetu mtu aliyechunguza jambo alikuwa polisi. Na nyuki niliowajua waliokufa kwa wingi walikuwa wale wa gunia. Nikageuka kumtazama Awuor. Awuor alikuwa darasa la sita, alijua kila kitu, na karibu kila alichokijua hakikuwa hivyo.

"Ni kesi," akasema.

"Kesi ya nani?"

Alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye nguzo ya stima iliyotazamana na kibao cha Baba. Walikuwa wamebandika bango jipya, na juu yake picha ya nyuki mkubwa, macho yake yakituangalia sawasawa, na chini yake NANI ANAUA NYUKI WETU? Sasa, kwetu sisi picha kubwa ikibandikwa kwenye nguzo huwa ni ya mtu anayegombea kiti au mtu aliyefariki. Nyuki yule hakuwa anagombea chochote.

"Huyo ndiye marehemu," akasema Awuor kwa sauti ya chini. "Na unaona wameweka wapi. Mbele ya nyumba yetu. Wanataka Baba akitoka aone aibu."

"Lakini wamesema ni sherehe. Ni bure."

"Adhis, wewe ni mtoto sana. Watu wakitaka kukushika wanakuita kwa kitu cha bure. Ukishaingia wanafunga geti."

Nilifumba macho. Nilimwona Baba amefungwa pingu, gambuti zake miguuni, akipandishwa kwenye pikapu, vipaza sauti vikitangaza jina lake kuanzia sokoni hadi ufuoni. Sikuwaza kwamba mdudu hawezi kushtaki. Watu wazima walikuwa wamesema kwa sauti kubwa, barabarani, kwamba wadudu ni marafiki zao. Na mtu akiua rafiki wa watu wenye gari, hata mtoto anajua mwisho wake.

Tuliamua kibao kwanza. Kile ndicho kilichokuwa kinatutangaza. Awuor alichukua rangi nyeusi ya viatu na brashi, mimi nikasimama kuangalia watu. Alianzia chini, akafuta kunguni, mchwa, siafu na nyuki, akapanda akafuta MENDE, akafuta WA, na rangi ikaisha. Kikabaki MWISHO, peke yake, kwa herufi kubwa nyekundu, na namba ya simu pembeni. Siku iliyofuata mhubiri mmoja wa sokoni alibisha mlango kumpongeza Baba kwa ujasiri wake. Mama mmoja aliyekuwa na kunguni alipita, akasoma, akamwambia Mama pole, biashara siku hizi ni ngumu kwa kila mtu. Baba mwenyewe alikizunguka kile kibao mikono kiunoni, akakata shauri kwamba ni hila za mpulizaji fulani wa upande wa soko, na kwamba dawa ya fitina ni kujitangaza zaidi.

"Jumamosi naenda kwa hiyo tamasha," akasema. "Na bomba langu. Fikiria Mama Awuor, wadudu wote mahali pamoja, watu wote mahali pamoja! Hiyo si ni kazi imeniita?"

"Baba usiende!" nikapiga kelele.

"Kwa nini nisiende?"

Awuor alinikanyaga mguu. Alikuwa ameniambia kwamba mtuhumiwa akijua anatafutwa hutoroka, na Baba akitoroka tutabaki na nani. Kwa hiyo nikasema tumbo linaniuma, nikapewa dawa chungu ya mwarobaini, nikainywa yote. Nilidhani nikiugua vya kutosha hakuna atakayeenda. Jumamosi niliamka mzima kabisa. Mwarobaini ulikuwa umenisaliti.

Uwanja wa shule ulijaa mahema meupe. Kulikuwa na muziki, puto, watoto waliochorwa vipepeo mashavuni, na wazee waliovaa kofia za bure juu ya kofia zao. Geti lilikuwa wazi na nililiangalia kila mara kuhakikisha bado liko wazi. Baba alitembea katikati ya watu na koti lake lililopigwa pasi, bomba mgongoni, akiinua mkono kwa huyu na yule kama mheshimiwa. Kila tulipopita mtu aliyevaa fulana ya tamasha, mimi nilijisogeza mbele ya Baba ili nimkinge. Nilimfika mapajani.

Hema la kwanza lilikuwa na wadudu walio hai: mmoja kama kijiti aliyetembea juu ya mkono wa mtoto akiyumba kama mlevi, viwavi wanene, mbawakawa mwenye pembe. Katika la pili walikuwa wanakaanga nyenje na kumbikumbi, na pale foleni ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu akina mama wa vijijini walikuwa wamesikia neno bure na wakaja na bakuli. Kijana mmoja wa fulana alikuwa akiwaeleza taratibu kwamba wadudu wanaweza kuliwa.

"Tho! Kijana, hii ngwen mnaita kumbikumbi mimi nimekula kabla mama yako azaliwe," akamkatiza mama mmoja. "Ongeza chumvi, weka hapa."

Mama yetu alijipenyeza humo na hatukumwona kwa muda. Awuor alikataa kuonja. Alisema huwezi kula matangani kabla hujajua nani kafa.

Hema la tatu ndilo lililonimaliza. Ndani yake kulikuwa na masanduku ya kioo, na ndani ya masanduku wadudu waliokufa, wamelazwa mistari, kila mmoja amechomwa sindano mgongoni, na chini yake karatasi ndogo yenye jina. Watu walipita polepole, wameinama, wakisoma majina bila kelele.

"Hii ni mochari," akanong'ona Awuor. "Wanatambua watu wao."

Nilitafuta nyuki wa kanisani. Niliwapata, au niliona nimewapata, safu nzima, mabawa yamekunjuliwa vizuri kuliko walivyokuwa kwenye gunia. Karibu nao alisimama mwanamke mrefu mwenye miwani na fulana ya mbawakawa, na watu walikuwa wanamwita Daktari. Nilielewa mara moja. Daktari huyo alikuwa anatibu waliopona, na waliomshinda ndio hawa wa masanduku.

Ndipo wakatuita wote mbele ya jukwaa, na yule yule Daktari akachukua maiki.

Alizungumza vizuri. Alisema nyuki ndiye anayetupa maembe, maboga na alizeti. Nyuki asipogusa ua, hakuna tunda. Alisema wanakufa, shamba kwa shamba, dari kwa dari. Aliposema dari nilimshika Awuor. "Na anayewaua," akaendelea, "si mtu wa mbali. Yuko hapa hapa, kati yetu." Akatabasamu, na tabasamu lile mimi nililiona kama la paka. "Hebu tuambiane ukweli. Nani hapa amewahi kuua nyuki? Msiogope. Inueni mikono."

Kila mtu uwanjani akaangalia viatu vyake mwenyewe. Na juu ya vichwa vyote vile, ukapanda mkono mmoja, mrefu, ndani ya koti la bluu lililopigwa pasi.

"Mimi!" akasema Baba, na uso wake uling'aa. Maishani mwake hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo mbele ya umati. "Daktari, mimi nimeua gunia nzima!"

"Baba Awuor, shusha mkono," Mama akasema akiwa na kumbikumbi mdomoni.

"Nashusha aje na nimeulizwa?"

Sikumbuki nilivyofika jukwaani. Nakumbuka nyasi, miguu ya watu, kona ya mbao iliyonichubua goti, na kwamba nilishika sketi ya Daktari kwa mikono yote miwili na kuanza kulia karibu kabisa na maiki, hivyo kilio changu kilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja na kuwafikia hadi waliokuwa foleni ya kumbikumbi.

"Usimshike! Tafadhali usimshike baba yangu! Kanisa ndiyo ilimtuma!"

Watu walianza kucheka, wakaacha, kwa sababu sikuacha kulia. Daktari alichuchumaa hadi miwani yake ikawa usawa wangu.

"Nani amshike, mami?"

"Nyinyi. Polisi ya wadudu."

"Sisi si polisi. Mimi ni mwalimu tu wa wadudu. Hakuna mtu anashikwa leo."

"Na wale mmechoma sindano?"

Akageuka kulitazama lile hema la tatu. Wakati huo Baba alikuwa amefika, bomba likigonga ngazi, na kung'aa kote kumemtoka usoni. Alinitazama, akautazama umati, akapiga magoti kwa shida kwa sababu ya lile bomba.

"Adhis, nyathina, mwanangu. Nani amekuambia mimi ni muuaji?"

Maiki ilikuwa bado kati yetu.

"Wewe," nikasema. "Kila siku tukikula."

Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Wazee waliegemeana. Mama mmoja aliketi chini na bakuli lake. Mhubiri wa sokoni alikuwa anafuta macho kwa Biblia. Lakini mimi nilikuwa karibu sana na Baba, na nilimwona hakucheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe kwenye simu ya mtu mwingine. Alinibeba, mimi kifuani na bomba mgongoni, akageukia maiki.

"Niseme ukweli?" akamuuliza Daktari.

"Sema, Mzee."

"Wale nyuki ya kanisa. Sikuua kwa ubaya. Mimi mende naweza, kunguni naweza, hata siafu. Lakini nyuki," akashusha sauti, akasahau kwamba maiki haijui kunong'ona, "nyuki naogopa sana. Nilipuliza nikiwa nimefunga macho. Ndiyo maana ilienda mabomba mbili."

Safari hii hawakucheka kwa namna ile ile. Watu walipiga makofi, na mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Hata sisi tuliogopa, ndugu!"

Baadaye, nyuma ya hema, Daktari alitupa soda na akamweleza Baba kwamba nyuki wanaweza kuhamishwa wakiwa hai, kwa moshi na sanduku, na kwamba kundi linaloning'inia limehama tu nyumbani kwake na mara nyingi halina haja ya kumuuma mtu. Alisema atamfundisha kabla hajaondoka. Baba alikubali kwa kichwa huku akirudi nyuma hatua kwa hatua. Kisha Daktari akaangalia huku na huku, akajikuna shingo, akamsogelea.

"Mzee, na hapo gesti tunapolala. Kunguni unatoa?"

"Hata hao si marafiki?" nikauliza.

"Hao hatujawaalika," akasema Daktari, akaendelea kujikuna.

Jioni hiyo hiyo Baba alipuliza vyumba vyote vya wanasayansi. Ilikuwa kazi aliyoisimulia miaka yote iliyofuata. Kwa mende hakubadilika hata kidogo. Wale aliendelea kuwaambia wasalimiane. Lakini yale ya nyuki alijifunza kweli. Nilimwona uwanjani nyuma ya shule, Daktari akimwonyesha namna ya kuwasha moshi ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa, naye akilishika kopo kwa mbali kama mtoto wa mtu mwingine aliyejikojolea.

Siku ya kuitwa haikukawia. Kundi la nyuki lilikuwa limetua kwenye mwavuli wa mama muuza omena, likaning'inia pale kama mfuko wa kahawia unaopumua. Soko lilitawanyika. Mwenye mwavuli alikuwa amejificha nyuma ya magunia akipiga kelele aitwe Mwisho wa Mende. Awuor na mimi tulikimbia tukakuta umati umeshajipanga mbali, na Baba anakuja, koti limefungwa hadi shingoni, soksi zimevutwa juu ya suruali, chandarua cha kitanda chetu kichwani. Mkono mmoja kopo la moshi, mkono mwingine katoni. Mgongoni hakuna kitu.

"Wapi bomba?" watu wakauliza. "Mzee, umesahau bomba!"

"Sijasahau."

"Sasa unaenda kuwaambia nini?"

Nadhani alikuwa anaomba. Alisogea chini ya mwavuli, moshi ukapanda, akainua ile katoni taratibu, na hata tukiwa mbali tuliona katoni ikicheza. Akatikisa mwavuli mara moja. Kundi lote likaangukia ndani kwa kishindo kidogo, kama ugali unaopinduliwa kwenye sahani. Umati ukasema aaaah. Na pengine ingeishia hapo, kama chandarua kisingekuwa ni kile chenye tundu ambacho Mama alikuwa anakusudia kukishona tangu zamani.

Alitembea kuja kwetu. Hakukimbia, kwa sababu Daktari alikuwa amemwambia asikimbie, ila nilimsikia akizungumza na Mungu kwa Kijaluo, haraka haraka. Alipotua katoni chini na kuvua chandarua, jicho moja lilikuwa limefunga, sikio limekuwa kama andazi, na mdomo wa juu umevimba hadi ukagusa pua. Nilianza kulia. Awuor pia, yeye aliyejua kila kitu. Baba aliinama akaweka sikio lake zima juu ya katoni, akasikiliza mlio uliokuwa ukitoka humo, mzito, sawa, kama wa jenereta ya mbali. Kisha akatuinulia ule uso.

"Skizeni," akasema kwa mdomo usiofunga. "Wote wako hai. Ni mimi tu nimekufa."